Nani Anamsemea Ng'ombe wa Walima? Historia ya Jumuiya za Kuwahurumia Wanyama, na Nilichokiona Ufipa



Leo sizungumzii shela wala sare za mashangazi. Nataka tumzungumze mgeni mmoja ambaye hakosekani katika harusi zetu na hakuna anayemuuliza hali yake: ng'ombe wa walima.

Miaka michache iliyopita mdogo wangu aliolewa Sumbawanga, mkoani Rukwa. Wengi wetu huku visiwani mji huo tunausikia kwenye vichekesho vya uchawi tu, ingawa jina lenyewe kwa Kifipa watu hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi". Mimi ndiye niliyemshonea gauni lake, nikasafiri nalo nimelipakata kama mtoto mchanga. Sikubeba hata sweta moja. Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa saba kule si ya mtu aliyezaliwa Unguja.

Wakwe zetu ni Waislamu wenye asili ya Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Akdi ilikuwa Ijumaa, na walima Jumamosi baada ya Adhuhuri. Ng'ombe alinunuliwa mnadani, na Ijumaa baada ya Magharibi lori likamshusha uani. Alikuwa dume mkubwa mwekundu. Aliteremka kwa kuanguka. Mkia ulikuwa umevimba pale alipokuwa akipindwa ili asimame, goti moja lilikuwa linatoka damu, na mgongoni fito zilikuwa zimeacha alama. Wapishi walikuwa tayari, masufuria yameshapangwa, kisu kimeshanolewa.

Babu yake bwana harusi, ambaye ndiye alikuwa achinje, alimzunguka yule ng'ombe na taa ya mkononi. Kisha akauliza, "Nani alimsindikiza huyu?"

Tukatazamana. Waliomnunua walibaki mnadani na shughuli zao. Dereva alisema kazi yake ni usukani. Utingo alisema aliambiwa afikishe ng'ombe, kamfikisha. Babu akaagiza ndoo ya maji, akasema hachinji usiku ule. Mama wa bwana harusi akaja juu: wageni wa vijijini watakula nini mchana? Na mimi, nasema kweli, nilikuwa upande wake. Nikamwendea, "Babu, si halali huyu?" Akanijibu, "Ni halali, mwanangu. Lakini halali si ruhusa ya kumtesa. Mwache apumue."

Mdogo wangu alilia usiku ule. Nami swali la babu sikuweza kulitoa kichwani: nani alimsindikiza? Nilipotulia nikaanza kusoma, nikagundua kwamba historia yote ya jumuiya za kuwahurumia wanyama duniani ni historia ya watu waliouliza swali hilo hilo.

Kabla ya jumuiya, palikuwa na msimamizi wa soko

Tuanze nyumbani, kwenye dini yetu. Habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula tunaijua tangu madrasa. Ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu pia tunaijua. Lakini iko moja ambayo hatuisemi sana. Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mmoja wa Ansari, akakuta ngamia ambaye alipomwona alitokwa na machozi. Mtume akampapasa mpaka akatulia, kisha akamwita mwenye ngamia na kumuonya kuwa mnyama wake ameshitaki: anatiwa njaa na anachoshwa kwa kazi.

Ngamia yule alipata wa kumsikiliza shitaka lake. Baada ya Mtume, nani angewasikiliza wengine? Waislamu wa zamani waliliweka jambo hili mikononi mwa ofisi. Palikuwa na muhtasib, msimamizi wa soko, ambaye tunamjua zaidi kwa kukagua mizani na vipimo. Mwanachuoni al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoeleza kazi za muhtasib alitaja pia kuwazuia watu kuwabebesha wanyama mizigo wasiyoiweza. Karne mbili baadaye Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyefariki 1262, aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenye naye: amlishe hata akizeeka na kukosa faida, asimtwishe kupita uwezo wake, asimweke pamoja na wanyama wanaomdhuru, akimchinja amchinje vizuri, na asimchinje mtoto wake mbele ya macho yake.

Pamoja na sheria palikuwa na wakfu. Istanbul hadi leo ziko nyumba ndogo nzuri za ndege zilizojengwa kwenye kuta za misikiti, na watu wa enzi za Uthmaniya waliweka mali wakfu kwa ajili ya kulisha ndege na paka. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba huruma kwa wanyama ni fikra iliyoletwa na wageni kwa meli. Kilichokuja baadaye ni namna mpya ya kuifanya: jumuiya ya watu wa kawaida wanaochanga fedha na kuajiri wakaguzi.

London, 1824

Mwaka 1822 mbunge mmoja kutoka Ireland, Richard Martin, alifanikiwa kupitisha katika Bunge la Uingereza sheria ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe, farasi na kondoo. Wenzake walikuwa wakimcheka. Sheria ilikuwa fupi na yenye matundu: mahakama zilisema haimhusu fahali, na ikabidi isubiriwe sheria nyingine ya mwaka 1835 iliyowaingiza mafahali na mbwa na kupiga marufuku michezo ya kuwapiganisha wanyama.

Lakini tundu kubwa zaidi lilikuwa jingine. Sheria ilikuwepo na hakuna wa kuisimamia. Tarehe 16 Juni 1824 watu wachache walikutana katika duka la kahawa London wakaunda jumuiya ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kiongozi wao alikuwa Arthur Broome, kasisi aliyeacha kazi yake kanisani ili ashughulikie jambo hili. Alilipa kwa fedha zake watu wa kwenda Smithfield, soko kuu la ng'ombe la London, wasimame pale na kutazama. Kazi yao ilikuwa kutazama na kupeleka shitaka mahakamani. Jumuiya ikaingia kwenye madeni, na kwa kuwa Broome ndiye aliyekuwa mdhamini, mwaka 1826 alifungwa jela. Aliyeiokoa alikuwa Lewis Gompertz, Myahudi, ambaye baadaye alisukumwa nje pale wenzake waliposema jumuiya ni ya Wakristo peke yao. Mwaka 1840 Malkia Victoria aliipa jina la kifalme, na ndiyo inayojulikana leo kwa herufi RSPCA. Marekani wakafuata mwaka 1866, pale Henry Bergh alipoanzisha jumuiya kama hiyo New York.

Kati ya waliohudhuria kikao kile cha 1824 alikuwemo William Wilberforce, yule yule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Nalitaja hili kwa sababu sisi wa visiwani na wao wa Ufipa tunashirikiana historia ambayo haipendezi. Misafara ya watumwa na pembe ilipita huko kwenye Ziwa Tanganyika ikija pwani, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Baadaye serikali za kikoloni zilitunga sheria za kumlinda punda huku mpagazi akichapwa viboko. Mtu akikwambia kwamba anayewahurumia wanyama amewasahau binadamu, wakati mwingine katika historia alikuwa anasema kweli. Wilberforce anatuonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Moyo unaomwona mtumwa unaweza kumwona na ng'ombe.

Wanawake waliosafiri wakaona

Hapa ndipo historia hii ilinigusa kama mwanamke. Nyingi kati ya jumuiya zilizokuja baadaye zilianzishwa na wanawake, na hadithi zao zinafanana: alisafiri, akaona, akashindwa kupita.

Kate Hosali na binti yake Nina walitembea Afrika Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakaona hali ya punda na nyumbu wa kazi. Mwaka 1923 walianzisha jumuiya ambayo leo inaitwa SPANA, inayotibu bure wanyama wa watu maskini katika nchi nyingi.

Dorothy Brooke alifika Cairo mwaka 1930 akiwa mke wa afisa wa jeshi. Mitaani akawakuta farasi wazee, wembamba, wanavuta mizigo. Walikuwa farasi wa jeshi la Uingereza waliouzwa Misri baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikuwa wamepigana vita, kisha wakasahauliwa. Mwaka 1931 aliandika barua gazetini kuomba msaada, fedha zikamiminika, na katika miaka michache kamati yake ilinunua farasi wapatao 5,000. Wengi walikuwa wameishiwa kabisa, na alichoweza kuwapa ni kupumzika kwa siku chache na kifo cha upole. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama ya bure Cairo. Alielewa jambo moja zuri: mwenye punda si adui. Yeye mwenyewe ana njaa. Ukimtibia mnyama wake bila malipo na kumfundisha, umewasaidia wawili.

Kwetu pwani, hadithi iko Lamu. Elisabeth Svendsen, mwanamke wa Kiingereza aliyeanzisha makazi ya punda huko Devon mwaka 1969, alifika Lamu akaona mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari na kila kitu kinabebwa na punda: mchanga, mawe ya matumbawe, maji, mizigo ya harusi. Tangu 1987 kiko kituo pale ufukweni kinachotibu punda bure, na hufanyika mashindano ya kumtafuta punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Mtoto anampeleka punda wake amemsugua, anataka ashinde. Hiyo ni njia ya busara, kwani hakuna aliyetukanwa na punda wananawiri.

Afrika Mashariki na sheria ya 2008

Kenya ndiko jumuiya ya kwanza ya namna hii ilikoanzia katika eneo letu, mwaka 1910, ikiitwa ya Afrika Mashariki. Leo inajulikana kama KSPCA na makao yake ni Nairobi. Tanzania Bara zipo TAWESO yenye makao Dar es Salaam, na ASPA na MAWO kule Arusha. Kazi zao ni za mkono hasa: kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, kuhasi paka na mbwa ili wasizagae, kutibu vidonda vya punda vinavyotokana na lijamu mbovu, kufundisha wanafunzi mashuleni, kwenda minadani na machinjioni kuzungumza na watu.

Hatua kubwa ilikuja na Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Sheria hiyo inatambua kwamba mnyama ana hisia, inakataza kumpiga kikatili, kumtwisha kupita kiasi na kumsafirisha kwa mateso, na iliunda baraza la ushauri. Msingi wake ni ule unaoitwa uhuru wa aina 5. Nao una historia yake, na tena ameanza mwanamke: Ruth Harrison aliandika kitabu mwaka 1964 kueleza wanyama wanavyofugwa kama mashine, Serikali ya Uingereza ikaunda kamati, kamati ikatoa ripoti 1965, na mwaka 1979 mambo hayo yakapangwa kuwa 5: mnyama awe huru na njaa na kiu; huru na adha ya mahali anapokaa; huru na maumivu, majeraha na maradhi; awe huru kuishi kwa maumbile yake; na awe huru na hofu na dhiki.

Yasome tena pole pole, kisha rudi kwa ngamia wa bustani ya Ansari. Njaa, uchovu, dhiki. Shitaka ni lile lile.

Sheria ya 2008 ni ya Bara. Zanzibar mambo ya mifugo yana sheria zake. Lakini ng'ombe wetu wengi wanatoka Bara, hivyo njia wanayopita inatuhusu.

Ufipa: ng'ombe ndiye trekta

Sasa turudi Ufipa, kwa sababu kule nilielewa kwamba sheria na jumuiya zinaweza kuwepo na bado ng'ombe akafika uani kwako akichechemea.

Uwanda wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi ya mahindi, maharage, ngano, ulezi na alizeti. Kuanzia miaka ya 1970 Rukwa ilihesabiwa kati ya mikoa mikubwa ya kulisha taifa kwa mahindi. Mahindi yale hayakulimwa na matrekta. Mengi yalilimwa na maksai wawili waliofungwa nira, plau nyuma yao, mtoto mbele akiwaongoza na mtu mzima akishika mikono ya plau. Jioni maksai hao hao huvuta mkokoteni wa magunia, kuni na maji.

Wazee wa kule wanajua thamani ya ng'ombe kwa sababu nchi hizi ziliwahi kukosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulishuka kutoka kaskazini mwa Afrika Mashariki mpaka nchi za kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ukafagia mifugo na wanyama wa porini, na njaa ikafuata nyuma yake. Kwa vizazi kadhaa madaktari wa mifugo walipambana na sotoka kwa chanjo, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba umetokomezwa kabisa. Ni ugonjwa wa pili tu kutokomezwa na mwanadamu, baada ya ndui. Tunaposema kazi ya kuwahurumia wanyama, tuwahesabu na wale waliobeba chanjo hiyo kwa miguu na baiskeli.

Ofisi za jumuiya nilizozitaja ziko Dar es Salaam na Arusha. Kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa hiyo kijijini Ufipa huruma ina sura ya afisa mifugo wa kata mwenye pikipiki, josho la kuogeshea ng'ombe ili kupe wasilete ndigana kali, na mwenye ng'ombe mwenyewe. Shemeji yangu mmoja mkulima alinieleza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Mvua huanza mwezi wa 11, na hapo ndipo plau inapoanza. Lakini hapo ndipo pia ng'ombe amekonda kuliko wakati wote, kwa sababu ametoka kiangazi na majani yamekwisha. Anaanza kazi ngumu ya mwaka akiwa dhaifu. Mkulima mwenye akili huweka mabua na maganda ya maharage tangu mavuno ili ng'ombe ale kabla ya kilimo, hulima alfajiri na kuwafungua jua likipanda, na nira huichonga ikalala vizuri shingoni isimchubue. Asiye na akili hutegemea mjeledi. Miaka ya 1980 jirani zao wa Mbeya walikuwa na mradi mzima wa kueneza kazi ya maksai, na somo la mradi kama huo ni hilo hilo: ng'ombe aliyefundishwa vizuri hahitaji kupigwa.

Akanionyesha na chapa. Mwaka 2017 Serikali iliendesha kazi ya kupiga ng'ombe chapa nchi nzima Bara, chini ya sheria ya utambuzi wa mifugo ya 2010, ili kuzuia wizi na kuhamahama kiholela. Yule dume wetu mwekundu alikuwa na chapa yake pajani. Nikakumbuka hadithi ya punda aliyepita mbele ya Mtume (S.A.W.) akiwa amechomwa usoni, na jinsi Mtume alivyomlaani aliyefanya hivyo. Lakini ngamia wa zaka waliwekewa alama, na Mtume mwenyewe aliziweka. Maana yake shida si alama. Shida ni uso. Dini yetu inajua kutofautisha haja na ukatili, na huo ndio utofautishaji ambao jumuiya na sheria zinajaribu kuufanya.

Kwa hiyo Ufipa nyumbani ng'ombe ana mwenyewe. Anaitwa kwa jina lake, anajulikana akiugua. Anapofika mnadani ndipo anapoteza mtu. Dalali hamjui, mnunuzi hamjui, dereva anajua idadi tu. Barabara ya lami kutoka Tunduma imerahisisha biashara, alhamdulillahi, lakini imefanya pia ng'ombe asafiri mbali zaidi na watu wasiomjua. Katika lori wanabanwa wasianguke, na anayeanguka hukanyagwa, ndiyo maana hupindwa mkia ili asimame. Kule London, Broome alipeleka watu wake Smithfield kwa sababu hii hii. Mnada ni mahali ambapo mnyama hana wa kumsemea.

Punda na vipodozi vyetu

Kabla sijamaliza, jambo moja la urembo, maana nalo limeingia kwenye historia hii.

Kuna kitu cha Kichina kinaitwa ejiao. Ni gundi inayopatikana kwa kuchemsha ngozi ya punda, na huuzwa kama dawa ya damu, na pia huwekwa katika vinywaji na vitu vya urembo wa ngozi vinavyolengwa kwa wanawake. Mahitaji yalipopanda, punda wa China hawakutosha, wakaja kutafutwa Afrika. Tanzania machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga. Punda wakaanza kuibwa usiku, na aliyeumia zaidi ni mama wa kijijini aliyekuwa akimtumia punda kuchota maji. Punda akiibwa, mzigo unarudi kichwani kwake na kwa binti yake, na binti anakosa shule.

Hapa jumuiya zilifanya kazi iliyoonekana. Zilikusanya ushahidi, zikapiga kelele nchi baada ya nchi. Desemba 2022 mkutano wa Afrika nzima kuhusu punda ulifanyika Dar es Salaam, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Tangu kikao cha duka la kahawa ilikuwa imepita miaka 200 kasoro miezi michache.

Sisi wanawake wa Kiislamu tunajua kwamba nyama ya punda wa kufugwa iliharamishwa tangu Khaybar. Basi kabla hujanunua kinywaji cha kung'arisha ngozi au kopo la kuongeza damu kwa ajili ya siku yako, soma kilichoandikwa. Ukiona neno ejiao, rudisha.

Kwa bibi harusi na mama wa bibi harusi

Hatuna haja ya kusubiri jumuiya ifungue ofisi mtaani. Mnunuzi naye ni mkaguzi. Haya ndiyo ninayowaambia wateja wangu wanapokuja kupimwa gauni, na wengine hunicheka:

Punguza ukubwa wa shughuli kama huna uwezo. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdurrahman bin Awf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Mbuzi wawili wa jirani uliyemjua ni bora kuliko fahali aliyevunjwa goti njiani.

Ng'ombe afike mapema, angalau siku moja kabla, apate maji, kivuli na majani. Apumzike. Fedha ya majani iingie kwenye bajeti kama ya maua.

Ateuliwe mtu wa kumsindikiza. Katika kamati zetu tuna mtu wa vinywaji, mtu wa viti, mtu wa muziki. Awepo na mtu wa ng'ombe, anayepanda lori pale anapopakiwa na kushuka naye.

Mchinjaji awe anayejua. Kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama, asiburutwe, na asichinjwe mbele ya mwenzake. Haya si mapya, yamo katika mafundisho ya Mtume wetu.

Na watoto wafundishwe. Mtoto anayemrushia mawe paka wa sokoni hakuzaliwa hivyo.

Alfajiri ile

Babu alikesha. Nilipotoka kwenda kutia udhu kwa ajili ya Alfajiri nilimkuta amejifunika blanketi, amekaa kwenye kigoda pembeni ya yule ng'ombe, baridi inakata. Dume lilikuwa limelala, linacheua. Ndoo ilikuwa tupu. Jua lilipochomoza akamwelekeza kibla, akasema Bismillahi Allahu Akbar, na ikaisha upesi na kwa utulivu ambao sijauona tena.

Chakula kilichelewa. Wageni waliotoka mbali wengine waliondoka kabla ya pilau, wakaenda na maandazi na chai, na mama wa bwana harusi alinuna mpaka jioni. Hawa walikuwa na haki yao, na babu aliwaomba radhi mmoja mmoja. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti chake cha enzi mpaka baada ya Alasiri ndipo watu wakaanza kula. Siku nyingi baadaye nilimuuliza kama bado ana kinyongo. Akasema hapana, ila anasikitika kwamba ng'ombe wa watu wengine hawana babu.

Ndiyo maana nimeandika. Allah ametudhalilishia wanyama hawa wakatubeba, wakatulimia na wakatulisha, na Siku ya Malipo hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa haki yake kwa mwenye pembe. Ya Rabbi, tujaalie huruma na viumbe Wako, zibariki ndoa za dada zetu, na usitufanye kuwa miongoni mwa walioshitakiwa na mnyama asiyejua kusema. Amin.